Haki ya Paka Aliyezeeka: Darsa Juu ya Matibabu na Uuguzi Wake

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na twamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Usiku mmoja katika darsa yetu, baada ya sala ya Isha, liliulizwa suala ambalo wengi wetu tulilicheka. Mwenzetu mmoja alieleza kwamba nyumbani kwake yuko paka jike mwenye umri wa miaka 13, ameota uvimbe katika ziwa lake, na daktari wa wanyama amesema apasuliwe. Mwenzetu akauliza: Je, kutoa fedha kwa jambo hili ni wema au ni israfu? Kabla hajajibiwa, mmoja wetu akasema kwa mzaha, "Mtie guniani umpeleke soko la samaki, huko hakosi riziki." Tukacheka sote, isipokuwa muulizaji.

Tulipotawanyika tuliona haya. Mambo ya gunia si mzaha katika miji yetu. Nani kati yetu hajawaona paka waliotupwa sokoni na pwani baada ya kuzeeka, meno yamewatoka, wala hawawezi tena kushindana na paka vijana kwa kichwa cha samaki? Hao walikuwa paka wa nyumba za Waislamu. Wahenga wetu walisema kuwa paka wa nyumba haingwa. Nasi leo twamwinga, tena twamfunga guniani asiijue njia ya kurudi. Ndipo tukaazimia kulisoma jambo hili kama ipasavyo, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza: Paka katika dini yetu

Bibi Kabsha binti Kaab bin Malik alikuwa mke wa mwana wa sahaba Abu Qatada (R.A.). Siku moja alimtilia mkwewe maji ya kutawadha, akaja paka akataka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomwona Kabsha amestaajabu, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Khabari hii wameipokea Malik, Abu Daud na Tirmidhi. Basi itazameni khikma yake: paka amehesabiwa pamoja na watu wa nyumba, hakuhesabiwa pamoja na wadudu wa kufukuzwa.

Kisa cha yule mwanamke aliyemfungia paka asimpe chakula wala asimwache ajitafutie, mpaka akafa, na kwa sababu hiyo mwanamke akaingia Motoni, twakisikia tangu chuoni. Lakini wengi wetu twadhani kuwa maadamu hatukumfungia paka, tumesalimika. Hebu tukikumbuke na kisa cha pili, alichokipokea Abu Daud kwa Abdullah bin Jaafar (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliingia katika shamba la mtu mmoja wa Ansari, na ndani yake yumo ngamia. Ngamia alipomwona alilia na machozi yakamtoka. Mtume akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe, akamwonya amche Mungu katika mnyama aliyemilikishwa, kwani amemshitakia kuwa humtia njaa na humchosha kwa kazi. Mnyama, basi, ana mashitaka yake, na yuko wa kuyasikiliza.

Imamu Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki mwaka 660 wa Hijra (1262), ameziandika haki za wanyama juu ya binadamu katika kitabu chake kiitwacho Qawaid al-Ahkam. Miongoni mwazo ni kuwapa matumizi yanayowastahiki, hata wakilemaa au wakiugua kiasi cha kuwa hawana tena faida kwa wenyewe. Hili ndilo jibu la mwenye gunia. Sisi twadhani kuwa haki ya paka yatokana na panya anaowakamata, kwa hiyo panya wakimshinda na haki yake imekwisha. Wanavyuoni wetu wamesema kinyume cha hayo: faida yaweza kwisha, na haki ingali pale pale.

Pili: Uzee si ugonjwa

Usama bin Sharik (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa kitu kimoja, nacho ni uzee. Baadhi ya watu huifahamu vibaya khabari hii. Husema: maadamu uzee hauna dawa, basi mzee naye asitibiwe. Hili ni kosa. Uzee hauna dawa, ni kweli. Lakini ugonjwa uliompata mzee ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nao unatafutiwa dawa.

Mwenzetu alikiri kuwa yeye mwenyewe alianguka katika kosa hili. Mwezi wa Ramadhani mkono wake uligusa uvimbe mdogo kama kunde. Akasema, "Ni uzee tu," akauwacha. Mwezi wa Mfunguo Tatu ulikuwa mkubwa kama kungumanga. Daktari alimweleza asilolijua. Paka ana maziwa manane, manne kila upande, na uvimbe utokao hapo mara nyingi ni saratani: katika kila kumi, kama nane au tisa huwa hivyo. Ukiondolewa ungali chini ya sentimita mbili, matumaini ni makubwa zaidi. Kila unapokua ndipo yanapopungua. Miezi ile mitatu haikuwa kitu kidogo.

Twasema juu ya mtu aliyeponea chupuchupu kuwa ana roho ya paka. Neno hili limetudanganya. Paka si kwamba haumwi. Paka huficha maumivu yake. Basi mwenye paka aliyepita miaka kumi na amtazame vyema. Akikonda, akinywa maji kupita desturi yake, akinuka kinywa, akiacha kujilamba, au akishindwa kuruka pale alipozoea kuruka, asiseme ni uzee tu. Na ampapase tumbo lake kila mwezi.

Yuko jirani aliyetoa shauri kwamba paka avishwe hirizi, na mwengine akasema anyweshwe kombe. Tumekwisha kusema mara nyingi katika darsa zetu kuwa mambo haya hayamfai binadamu. Basi na paka hayamfai. Mtume wetu ametuamrisha dawa, na dawa ina wenyewe wanaoijua.

Tatu: Kabla ya kupasuliwa

Paka mzee aweza kustahimili nusukaputi, lakini sharti achunguzwe kwanza. Daktari mwenye kuijua kazi yake hupima damu apate kujua hali ya figo na ini, kwani figo za paka wazee mara nyingi zimechoka. Pia husikiliza moyo. Kwa uvimbe wa ziwa hutaka na picha ya kifua, kwa sababu saratani hii hupenda kukimbilia mapafuni. Ikiwa imekwisha kufika huko, kisu hakitaondoa ugonjwa, kitaongeza maumivu tu.

Hapa ndipo mwenye paka anapopaswa kuiuliza nafsi yake: Je, nataka apasuliwe kwa ajili yake, au kwa ajili yangu mimi nisiyeweza kuagana naye? Huruma isiyo na ilimu yaweza kuwa dhuluma. Na amwulize daktari waziwazi: akipona ataishi vipi, na asipopasuliwa itakuwaje?

Chakula huondolewa usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa saa atakazoziamrisha daktari, ili paka asije akatapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia pumuni. Maji kwa kawaida huachiwa mpaka asubuhi. Na daktari aambiwe kila dawa aliyopewa paka, hata ya kienyeji.

Nne: Uuguzi wa nyumbani

Kazi ya daktari ni ya saa chache. Kazi ya watu wa nyumba ni ya siku kumi na nne. Mambo yenyewe ni haya:

1. Joto. Nusukaputi hupoza mwili, na mzee hupoa zaidi. Alazwe chini, mahali pa kimya pasipo upepo, juu ya kanga kuukuu. Chupa ya maji ya uvuguvugu yafaa, lakini izungushiwe kitambaa isimwunguze, na awe na nafasi ya kuiepuka.

2. Chakula. Jioni ile apewe kidogo kidogo. Samaki wa kuchemsha asiye na chumvi wala miba, aliyepashwa moto kidogo ili harufu imwite, humfaa. Asipewe mchuzi wetu wa mezani, kwani vitunguu maji na vitunguu thomu ni sumu kwake. Paka akipitiwa na siku nzima bila ya kula, arejeshwe kwa daktari. Kukaa na njaa siku kadhaa humharibu ini.

3. Dawa. Twawasihi mama zetu na dada zetu: msimpe paka Panadol. Mwili wake hauwezi kuiyeyusha, na hata nusu ya kidonge yaweza kumwua. Asprini nayo ni hatari. Wala kidonda chake kisipakwe Dettol wala mafuta ya karafuu, kwani vyote viwili humdhuru. Apewe dawa ya maumivu ya daktari peke yake, kwa kiasi kile kile alichoandikiwa.

4. Mshono. Asiulambe. Asiyekuwa na kizuizi cha shingoni na achukue mkono wa fulana kuukuu, autoboe matundu manne ya miguu, amvishe. Usimbane pumzi, na uachwe wazi nyuma apate kwenda haja. Atazame mshono asubuhi na jioni. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 mpaka 14.

5. Dalili za khatari. Mshono ukivimba, ukinuka au ukitoa usaha. Fizi zikiwa nyeupe. Paka akipumua kwa kinywa wazi. Au akimaliza siku bila ya kukojoa: asingojewe asubuhi. Akijikunyata pembeni, macho nusu, masikio yamelala, ana maumivu, hata ikiwa anakoroma ile sauti yake ya kuridhika. Kwani paka hukoroma hivyo hata akiumwa.

6. Tohara. Mate ya paka ni safi, kama tulivyoeleza. Damu, usaha na mkojo wake ni najisi. Basi mwenye kumwuguza aweke nguo mbali ya kumshikia, na nguo yake ya sala aiweke kando, isije huduma hii ikawa udhuru wa kuchelewesha sala.

Tano: Je, ni israfu?

Hatusemi kuwa kumpasua paka ni faradhi. Haki zina daraja zake: aliyekuwa na deni, au mtoto wake hana ada ya chuo, au mzazi wake hana dawa, na aanze na hao. Lakini tuwe wakweli. Je, tumepata kusikia mtu akiulizwa kuhusu israfu kwa mapambo ya harusi ya usiku mmoja, maua yatakayotupwa jaani asubuhi? Fedha zile hazituumi. Zatuuma zile za kumwondolea maumivu kiumbe aliyeilinda ghala yetu miaka 13.

Na asiyekuwa na uwezo hakubebeshwa asichokiweza. Kivuli, maji safi, chakula laini na mkono wa upole pia ni haki ya mgonjwa, na Mwenyezi Mungu hazipotezi. Darsa nayo yaweza kusaidiana. Sisi tulichanga kidogo kidogo, na aliyempeleka paka kwa gari lake ni yule yule aliyelitaja gunia.

Imebaki mas-ala ya mnyama ambaye daktari amekata tamaa naye, na maumivu hayatulizwi tena. Je, aweza kufishwa ili apumzike? Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vyakataza kumchinja mnyama asiyeliwa, hata kwa nia ya kumpumzisha. Na wako wanavyuoni wengine, wa zamani na wa leo, walioruhusu. Mwenye kufikwa na jambo hili asijifanyie fatwa mwenyewe, na amwulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini kumtupa sokoni afe kwa njaa na nzi, hili hakuna aliyeliruhusu.

Khatima

Paka wa mwenzetu alipasuliwa. Maziwa ya upande mmoja yaliondolewa yote. Usiku wa kwanza hakula; usiku wa pili alilamba supu ya samaki kidoleni mwa mtoto wa nyumba. Nyuzi zilitolewa siku ya kumi na mbili. Leo hupanda tena kwenye baraza, ila haruki: hupanda kwa kutanguliza mkono mmoja, kama wazee wetu wapandavyo ngazi za msikiti. Daktari hakuahidi kuwa ugonjwa hautarudi, naye mwenzetu hakuomba ahadi. Ajali ya kila kiumbe iko kwa Muumba wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe huruma iliyo pamoja na ilimu, na sisi wenyewe tutakapokuwa wazee wasiofaa kazi, atupe watakaoikumbuka haki yetu. Amin.