Tiba ya Mtindo wa Maisha: Somo la Simu kwa Mwanafunzi wa Chuo

Mwanafunzi anapohamia hosteli, hakuna tena wa kumuuliza amekula nini wala amelala saa ngapi. Asubuhi ni chai na mandazi, mchana chipsi na soda, usiku simu mkononi hadi saa nane. Akiwa na miaka 20 mwili huvumilia. Gharama huja baadaye, na mara nyingi hulipwa na familia nzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban Mkenya mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 ana shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa.

Nguzo sita

Tiba ya mtindo wa maisha hutumia mazoea ya kila siku kuzuia magonjwa na kusaidia kuyatibu. Nguzo zake ni lishe bora, mazoezi ya mwili, usingizi wa kutosha, kudhibiti msongo wa mawazo, kuepuka tumbaku, pombe na dawa za kulevya, na uhusiano mwema na watu.

Kufundisha kupitia simu

Simu inayomnyima mwanafunzi usingizi inaweza pia kumfundisha. Somo linalofaa ni fupi: ujumbe wa sauti wa dakika tano, usiomaliza data, unaoeleza tabia moja tu kwa wiki. Kila jioni mwanafunzi huweka alama kama ameitimiza au la. Uzito na majibu ya vipimo havitumwi kwenye kikundi. Hiyo ni siri ya mtu.

Watafiti wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliochagua tabia moja kila mmoja na kuijaza kumbukumbu kila siku kwa wiki 12. Kwa wastani, tabia ilichukua siku 66 kuzoeleka, na kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Hivyo anayeteleza leo aendelee kesho.

Zoezi la wiki: kusoma lebo ya soda

1. Tafuta kiasi cha sukari kwa kila mililita 100. Tuseme ni gramu 10.
2. Chupa ya mililita 500 ina mara tano ya hapo, yaani gramu 50.
3. Kijiko kimoja cha chai ni takriban gramu 4. Gramu 50 ni zaidi ya vijiko 12.

Kwa mtu mzima wa kawaida, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku. Chupa hiyo moja imekwisha kujaza kipimo, kabla ya chai ya jioni.

Vipimo vya kukumbuka

• Chumvi: chini ya gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya viwandani.
• Matunda na mboga: angalau gramu 400 kwa siku. Sukuma wiki, mchicha, ndizi na embe vyote vinahesabika.
• Mazoezi: angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano, kunatosha.
• Usingizi: saa saba au zaidi kila usiku.

Tahadhari

Mazoea mema hayachukui nafasi ya dawa. Mwenye kisukari, pumu au shinikizo la damu asiache dawa zake kwa sababu ya somo la mtandaoni. Azungumze kwanza na daktari au muuguzi.

Kazi ya nyumbani

Mwanafunzi akirudi likizo, amsomee mzazi lebo moja jikoni, kisha waende pamoja kupimwa shinikizo la damu katika zahanati au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinahitaji kurudiwa na kufuatiliwa hospitalini, hata kama mtu hajisikii mgonjwa.