Kabla Hujakubali Kwamba Bodi Imeungua

Wadogo zangu wa Lodwar na Kakuma, kilio chenu safari hii ni kimoja: jiko la stima linawaka taa, vitufe vinaitika, lakini chakula hakiivi. Na fundi keshasema, "Bodi imeungua, dada," akataja na bei. Usitoe pesa kwanza.

Bodi, kile kibao cha saketi ndani ya jiko, huungua, sikatai. Ila huku kwetu mshukiwa wa kwanza ni stima yenyewe. Jiko limetengenezewa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Sasa angalia tunakopata stima. Lodwar imeishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli (na bwawa la umeme la Turkwel liko hapo juu tu, megawati 106, stima yake ikipelekwa Lessos!). Kakuma kuna wanaouziwa na mwenye jenereta wa mtaani, na Kalobeyei kuna mitambo midogo ya sola. Volti zikipanda na kushuka, bodi ndiyo inayoumia kabla ya kitu kingine chochote jikoni.

Saa ya oveni inaweza kukupa dokezo bila malipo. Oveni nyingi huhesabu dakika kwa kufuata mizunguko ya stima. Ukiona saa inakimbia siku za jenereta, kisha inatulia siku nyingine, saa ni nzima. Jenereta ndiyo inayokwenda mbio.

Mmoja wenu wa Lodwar anasema oveni yake "imekufa" tangu stima ipotee, lakini kiooni inamulika 0:00. Mdogo wangu, hiyo haijafa. Oveni nyingi za kisasa hazipashi moto mpaka uziambie ni saa ngapi. Tafuta kitufe chenye alama ya saa (nyingine hutaka ubonyeze viwili kwa pamoja), weka saa, kisha ujaribu tena. Ukiona alama ya kufuli au ufunguo, ni kinga ya watoto. Shikilia kitufe chenye alama hiyo sekunde kadhaa. Kuna watu wamelipa fundi kwa kazi hiyo tu.

Wa Kakuma ana jiko la induksheni, lile bapa la kioo. Linapika kidogo, linaandika E na nambari, linazima. Nakuuliza: hiyo E inatokea jiko likiwa baridi au likishapata moto? Likiiandika papo hapo, bado baridi, shuku sensa, bodi au volti. Ikija baada ya kupika kidogo, shuku joto. Lizime, chomoa plagi, lipoe, kisha lipindue. Chini kuna feni, na vumbi la Kakuma unalijua. Utakuta limeshikana na mafuta, limeziba matundu kama blanketi. Lisugue kwa brashi kavu, bila maji, na unaporudisha jiko liache mbali kidogo na ukuta. Zile nambari hazifanani kwa kampuni zote. E3 ya jiko lako si E3 ya jirani. Zipige picha kabla hujazima, kisha usome kijitabu.

Kifuniko usikifungue. Ndani kuna kapasita inayoweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi.

Kuhusu kifaa cha kulinda volti: wengi mnachukua kile cha friji mnakichomekea jiko. Jiko la wati 2,000 linavuta kama ampea 8.3, na vingi vya friji ni vidogo kuliko hapo. Soma ampea zilizoandikwa mgongoni. Kwa jiko la bapa chukua cha ampea 13. Jiko kubwa lenye oveni lina swichi yake ukutani na linahitaji kinga ya ukubwa wake, ifungwe na fundi wa stima mwenye leseni.

Na wenye jiko la gesi linalolia tik-tik-tik lenyewe baada ya kulifuta: maji yameingia kwenye swichi ya cheche. Zima ukutani, acha likauke.

Sasa fundi. Akija, mwambie apime kwa mita mbele yako, kwanza volti za soketi, halafu ule waya wa kupashia moto wa oveni. Wa wati 2,000 ukiwa mzima husoma karibu ohm 29. Mita isiposoma kitu, waya umekatika, na huo ni wa bei nafuu kuliko bodi. Asiye na mita anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa yako, wakati spea yenyewe huenda ikasubiri basi la Kitale.

Ikithibitika kwamba bodi ndiyo mbovu, badilisha. Lakini ile ya zamani urudishiwe mkononi pamoja na jiko. Fundi akikataa kuirudisha, mtafute mwingine.