Kisa Kinachofundisha Hesabu: Tusuke Somo la Sehemu kwa Mirathi



Ndugu msomaji, likizo zikifika wengi wetu huombwa kufundisha watoto mtaani na madrasa. Mtoto wa Kabuta, kando ya Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, akiandikiwa 1/2 + 2/3 atajibu 7/6 kwa kukariri, asijue amejumlisha nini. Kisa kinaweza kumsaidia, lakini si kila kisa chenye namba hufundisha hesabu. Ukiifuta hesabu na kisa kikaendelea vilevile, hesabu hiyo ilikuwa pambo. Hesabu iwe ndiyo fundo, na iwe ndiyo inayolifungua.

Mirathi hutupa mafundo ya namna hiyo. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa masuala ya wasia na mirathi. Tuone hatua za msuko kwa mfano.

1. Mwanzo
Mwanamke mfanyabiashara wa Kabuta amefariki mwishoni mwa Novemba. Ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Hana mtoto, mjukuu, mzazi, babu, bibi wala kaka. Bandani pana magunia 48 ya chisense kavu. Taja warithi wote mapema. Ukimficha mmoja, hesabu nzima itaharibika.

2. Tatizo
Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo magunia hayo ndiyo tegemeo la miezi mitatu. Mazishi yamekwisha gharamiwa na hakuna wasia, ila marehemu alikuwa na deni la magunia 6. Deni hulipwa kabla ya kugawa. Yamebaki 42.

3. Mvutano
Mume ana nusu (An-Nisaa 4:12): magunia 21. Dada wawili wana theluthi mbili (4:176): magunia 28. Jumla 49, na bandani yapo 42!

Hapa mwalimu anyamaze. Mwanafunzi mmoja atasema mume achukue 21 zake, dada wabakiwe na 21. Mwingine atasema dada wapewe 28, mume abakiwe na 14. Waache wabishane mpaka waone kwamba kila njia inambebesha mmoja upungufu wote, ilhali pande zote mbili zina haki.

4. Kilele
Tafuta asili moja: 3/6 na 4/6. Mafungu ni 3 kwa 4, jumla 7. Basi tugawe kwa 7 badala ya 6. Hii ndiyo aul. Hupokewa kwamba suala la mume na dada wawili lilizuka zama za Khalifa Umar (r.a.), naye akashauriana na masahaba. Ibn Abbas (r.a.) alikuwa na rai nyingine, lakini madhehebu manne ya Sunni yameifuata aul.

5. Utatuzi
42 ÷ 7 = 6. Mume: 3 × 6 = 18. Dada: 4 × 6 = 24, kila mmoja 12. Hakiki: 18 + 24 = 42. Mume amepunguziwa 3 katika 21, dada 4 katika 28. Kila upande umepungukiwa sehemu moja ya saba ya haki yake.

Tahadhari
Usimlete tajiri kutoka Kashikishi atoe magunia 7 yaliyopungua. Kisa kitaisha kwa furaha, na hesabu itakufa.

Zoezi
Mtu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama, na magunia 54. Anza na 1/8, 2/3, 1/6 na 1/6. Suala hili huitwa Minbariyya, kwa kuwa hupokewa kwamba Ali (r.a.) alilijibu akiwa juu ya mimbari: thumni ya mke imekuwa tusui. Litungie kisa chenye hatua tano, kisha likague: mke 6, mabinti 32, baba 8, mama 8.

Msibani, mara nyingi anayehesabu ni mwenye nguvu. Mtoto aliyekwisha kuyagawa magunia 42 darasani ataweza kuuliza, kwa adabu, hesabu imefanywaje.

Wabillahi tawfiq.