Somo la 38: Kitenge Chekundu katika Picha ya Majivu

Fikirini picha ya ukingo wa Lualaba, hapa Ubundu. Maji yana rangi ya majivu. Mitumbwi vilevile, na watu, na mbingu. Lakini mama mmoja anayeshuka mtoni na beseni kichwani amevaa kitenge, nacho kimebaki chekundu. Jicho lenu litakwenda wapi kwanza? Fundi amewaambia bila kusema neno: tazameni hapa.

Kazi hii hufanywaje? Kwanza tujue rangi ni nini ndani ya picha.

Mwaka 1951 Wazungu walikuja upande wetu huu, katika mto Ruiki, kupiga sinema iitwayo The African Queen. Mkuu wao alikuwa John Huston. Sinema ile ilikuwa ya rangi. Lakini, ajabu, ndani ya kamera yao ya Technicolor hamkuwa na utepe wa rangi hata mmoja. Zilipita tepe tatu, zote nyeusi na nyeupe. Kioo kiligawa mwanga: utepe mmoja ulipokea fungu la nyekundu, wa pili la kijani, wa tatu la buluu. Baadaye kiwandani mafungu hayo yaliunganishwa kwa wino wa rangi, na msitu ukatoka kijani.

Simu ya leo hufanya karibu vivyo hivyo. Huigawa picha katika nukta ndogo sana, na kila nukta ina hesabu tatu, toka 0 hadi 255. Nukta ya kitenge chetu ni hii: nyekundu 200, kijani 30, buluu 40. Hesabu tatu zikiwa sawa, rangi hutoweka. Basi kuondoa rangi ni kuzisawazisha. Jicho la mtu huhisi kijani kuliko nyekundu, na buluu kidogo tu. Kwa hiyo desturi ni kuchukua 30 katika 100 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu, na kujumlisha. Jaribuni kwa kalamu: kitenge kinatoka 82.

Fundi huweka picha mbili, moja juu ya nyingine, kama karatasi. Chini ni ile ya rangi, juu ile ya majivu. Kisha hufuta ya juu kwa kidole, mahali pa kitenge tu, akifuata pindo polepole. Na achague kitu kimoja! Wako wanaobakiza kitenge, na ndoo, na maua, na paa la kanisa; picha yao ni kama watu wanne wanaosema pamoja.

Sasa angalieni. Kitenge kilibakizwa kwa sababu rangi yake ilikuwamo. Picha za babu zetu hazina rangi ya kubakiza. Chukueni nukta ya jani: nyekundu 40, kijani 110, buluu 50. Pigeni hesabu. Ni 82 tena! Jani na kitenge vimekuwa sawa, na majivu peke yake hayawezi kusema kipi kilikuwa chekundu. Tena filamu nyingi za kale hazikuona nyekundu, hata nguo nyekundu ikatoka kama nyeusi.

Zamani mafundi walipaka rangi kwa pamba na burashi juu ya picha yenyewe. Leo programu hupaka kwa dakika moja, na kazi yake hupendeza. Lakini imebuni. Itamvika bibi yako nguo ya buluu siku ya arusi yake, na wajukuu wataamini, hali nguo ilikuwa ya manjano.

Anayejua ni yule aliyekuwapo: dada yake, jirani yake, mwanawe wa kwanza. Hao ni wazee sasa.

ZOEZI

1. Nukta ina nyekundu 100, kijani 100, buluu 100. Ina rangi gani?

2. Tafuta nyumbani picha moja ya zamani isiyo na rangi. Mpelekee mzee aliyemjua mtu huyo, umsalimu, umwulize: nguo hii ilikuwa ya rangi gani? Andika jibu katika daftari, pamoja na jina la mzee na tarehe. Usiandike kwa biki mgongoni mwa picha. Huacha alama mbele.

3. Wazee wawili wakijibu mbalimbali, andika majibu yote mawili.