SOMO: TUCHAGUE JIKO LA KUCHOMEA NYAMA

Nyama choma ni chakula cha furaha. Huliwa katika Idi, Krismasi, harusi, na siku ya gulio. Watu wengine huichoma kwa ajili ya familia. Wengine huichoma ili kuuza na kupata fedha ya sabuni na ada ya shule. Wote hawa wanahitaji jiko.

Watu wengi hununua jiko kwa kutazama mambo mawili tu, yaani bei na rangi. Hilo ni kosa. Jiko linaweza kukupotezea fedha mwaka mzima. Tena liko jiko linaloweza kutia sumu katika chakula chako. Wahenga walisema: Rahisi inavunja upishi. Basi leo tujifunze namna ya kuchagua.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mkaa: miti iliyochomwa tanurini ikawa myeusi na mikavu. Haujawashwa.
Makaa: vipande vya moto vinavyowaka bila ndimi za moto.
Wavu: vyuma vilivyopangwa ili nyama ilale juu yake.
Nondo: fito za chuma zinazotumika katika ujenzi.
Matundu: nafasi ndogo za kupitisha hewa.

1. MOTO UNATAKA NINI?

Moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto la kuanzia, na hewa. Ukiondoa kimoja, moto hufa. Ndiyo sababu ukifunika jiko, makaa huzimika. Hewa imekosekana.

Kwa hiyo jiko zuri ni lile linalokuwezesha kuutawala moto. Ukitaka moto mkali, unafungua hewa. Ukitaka moto wa pole, unaziba hewa. Jiko ambalo huwezi kuongeza wala kupunguza hewa yake ndilo linalokutawala wewe. Nyama inaungua nje, na ndani bado ina damu.

Jambo la pili ni umbali kati ya makaa na wavu. Sentimita 10 hadi 15 zinafaa. Kama huna rula, tumia kiganja chako. Upana wa kiganja pamoja na kidole gumba unakaribia kipimo hicho. Wavu ukiwa chini mno, mafuta ya nyama yanadondoka na kuwaka, na nyama inapata masizi. Sehemu nyeusi zilizoungua zina vitu vinavyoweza kuchangia ugonjwa wa saratani. Zikate uzitupe.

2. AINA ZA MAJIKO

(a) Mawe matatu na wavu. Jiko hili halina gharama. Lakini upepo hupita kila upande, na kuni au mkaa huisha haraka. Linafaa kwa mtu anayechoma mara moja moja.

(b) Jiko la mkaa la duara. Liko la bati tupu, na liko lenye udongo wa kuchoma ndani. Jiko la udongo ndani lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mafundi walijifunza kutokana na jiko la ndoo la Thailand, wakalibadili lifae mapishi ya kwetu. Udongo huzuia joto lisipotee pembeni, hivyo mkaa hudumu zaidi. Ukiweka wavu juu yake, unaweza kuchoma nyama ya watu watatu au wanne. Na siku nyingine unapikia ugali na maharage.

(c) Jiko refu la mishikaki. Hili ni kama sanduku jembamba lisilo na mfuniko. Umeliona kwa wauzaji wa barabarani, na kwa wale wanaochoma jioni pale Forodhani, Unguja. Ncha za vijiti hulala juu ya kingo mbili. Nyama huning'inia katikati bila kuhitaji wavu. Kwa kuwa jiko ni jembamba, mkaa haupotei. Anayetaka kuuza mishikaki achague hili.

(d) Nusu ya pipa. Pipa la lita 200 hukatwa katikati kwa urefu. Nusu moja huwa jiko. Nusu ya pili inaweza kuwa mfuniko wenye bawaba. Jiko hili ni kubwa, linafaa kwa harusi au kwa kibanda cha nyama. Lakini ndilo lenye hatari kubwa kuliko mengine. Hebu tuone kwa nini.

3. SOMA PIPA KABLA YA KULINUNUA

Pipa halikuzaliwa jiko. Kabla ya hapo lilibeba kitu. Je, lilibeba nini? Mapipa mengine yalibeba mafuta ya kula, asali au maji ya matunda. Mengine yalibeba petroli, lami, au dawa za kuulia wadudu.

Pipa la dawa ya wadudu lisitumike hata kidogo kwa chakula. Kuliosha kwa sabuni hakutoshi. Pipa la petroli lina hatari nyingine. Hata likiwa tupu, ndani hubaki mvuke wa petroli. Fundi akilikata kwa moto au kwa mashine inayotoa cheche, linaweza kulipuka na kuua. Kwa hiyo usimpelekee fundi pipa kama hilo.

Sasa soma mazungumzo haya. Tuseme mama mmoja amekwenda kwa fundi kununua jiko.

Mama: Hodi hapa!
Fundi: Karibu mama. Shikamoo.
Mama: Marahaba mwanangu. Habari za kazi?
Fundi: Nzuri mama. Tazama jiko hili la pipa. Leo nakupunguzia.
Mama: Ahsante. Pipa hili lilibeba kitu gani?
Fundi: Aa, mama, mimi nililinunua tu mjini.
Mama: Hebu ngoja. Chini ya rangi hii naona herufi. S, U, M, U. Si inasomeka SUMU hii?
Fundi: Lakini nimeliosha vizuri, mama.
Mama: Sumu ya namna hii haitoki kwa kuosha, mwanangu. Wewe mwenyewe ungemlisha mtoto wako humo?
Fundi: Kweli, mama. Lipo hili la mafuta ya kula, ila bei yake imezidi kidogo.
Mama: Heri hilo. Na hilo jingine lisimwuzie mtu.

Ndugu msomaji, umeona faida ya kusoma? Herufi nne tu zimeokoa nyumba nzima. Mara nyingi maandishi ya pipa huwa ya lugha ya kigeni. Basi tazama alama. Fuvu la kichwa na mifupa miwili maana yake ni sumu. Picha ya ndimi za moto maana yake ni kitu kinachowaka upesi. Ukiona maandishi usiyoyaelewa, mwombe bwana shamba au mwanafunzi wa sekondari akusomee. Si aibu kuuliza. Kama pipa limepakwa rangi mpya kote na muuzaji hajui lilibeba nini, liache.

4. TAZAMA NA WAVU

Pipa likiwa zuri, usisahau wavu. Nyama inalala pale.

Usitumie wavu wa kuku wala bati linalong'aa kwa weupe. Chuma hicho kimepakwa madini yanayoitwa zinki ili kisipate kutu. Zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi za Selsiasi. Makaa yaliyopulizwa vizuri hupita hapo. Joto likizidi sana, zinki hutoa moshi unaoweza kuleta homa kwa anayeuvuta.

Usitumie pia rafu za friji kuukuu. Baadhi yake zimepakwa madini yenye sumu.

Wavu mzuri ni wa nondo nyembamba tupu, zisizopakwa kitu, zilizochomelewa vizuri. Nondo za milimita 6 zinafaa. Zikiwa karibu karibu, nyama haitadondoka motoni. Uwe wavu unaotoka, ili uweze kuuosha na kuongeza mkaa.

5. UKUBWA: TUPIGE HESABU

Watu hupenda kitu kikubwa. Lakini jiko kubwa lina tumbo kubwa.

Nusu ya pipa ina urefu wa sentimita 88 na upana wa sentimita 57 hivi.
88 × 57 = 5,016. Huo ndio eneo lake kwa sentimita za mraba.

Jiko la duara lenye upana wa sentimita 30 lina eneo la sentimita za mraba 707 hivi.

Basi nusu ya pipa ni kubwa mara saba kuliko jiko la duara. Je, nyama yako nayo ni mara saba?

Tuchukue mfano. Nyumba moja huchoma nyama mara 2 kwa wiki. Jiko dogo linakula kopo 1 la mkaa kila mara. Pipa linakula makopo 4. Bei ya kopo ni shilingi 1,000. (Huu ni mfano tu. Wewe weka bei ya kijijini kwako.)

Jiko dogo: 2 × 1 × wiki 52 = makopo 104.
Pipa: 2 × 4 × wiki 52 = makopo 416.
Tofauti: 416 – 104 = makopo 312.
Fedha: 312 × 1,000 = shilingi 312,000 kwa mwaka.

Fedha hiyo yote imegeuka majivu. Na si fedha tu. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa hutoka katika kilo nyingi za kuni, pengine kumi. Kila kopo la bure ni mti wa bure.

Kama tayari unalo pipa, usilitupe. Panga matofali katikati, uligawe sehemu mbili. Siku ya wageni wachache washa upande mmoja tu. Upande wa pili weka nyama iliyoiva ikae na joto. Ukimaliza, funika na kuziba matundu. Makaa yatazimika, na mkaa uliobaki utautumia kesho.

6. KABLA YA KULIPA, KAGUA

Shika jiko, ulitikise. Likiyumba, mtoto ataliangusha. Miguu iwe imetanuka.
Tazama matundu. Yawe pembeni, karibu na chini. Kama yana kifuniko cha kusogeza, vizuri zaidi.
Pitisha mkono pembezoni kwa uangalifu. Kingo zisiwe kama wembe.
Gonga bati. Bati jembamba sana huungua na kutoboka upesi.
Uliza: Lilibeba nini? Wavu umepakwa nini?

Ukilifikisha nyumbani, usichome nyama siku hiyo hiyo. Washa kwanza moto mkubwa wa kuni kwa muda wa saa moja, nje, mbali na watu. Rangi na mafuta ya kiwandani yaungue yaishe. Likipoa, lisugue kwa mchanga, lioshe, kisha paka wavu mafuta ya kula.

7. MAHALI PA KUWEKA JIKO

Jiko la mkaa ni la nje. Liweke mbali na nyumba ya nyasi au makuti, mahali ambapo upepo haupelekei cheche kwenye paa.

Baridi ikiingia, usilichukue ukaliweka chumbani ili ulale kwa joto. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Watu wamelala na jiko ndani, milango imefungwa, na asubuhi hawakuamka. Hata makaa yanayoelekea kufa bado hutoa hewa hiyo. Yaache nje mpaka yapoe kabisa.

8. KUPIMA MOTO KWA MKONO

Usianze kuchoma wakati ndimi za moto bado zinaruka. Subiri makaa yafunikwe na majivu meupe. Kisha weka kiganja juu, pale nyama itakapolala, uhesabu pole pole: moja, mbili, tatu...

Ukitoa mkono kabla ya kufika nne, moto ni mkali. Unafaa mishikaki.
Ukifika nne au tano, moto ni wa kiasi. Unafaa kuku na mbavu.
Ukifika sita au zaidi, moto ni wa pole. Unafaa paja zima la mbuzi.

Haraka haraka haina baraka. Paja la mbuzi halitaki haraka.

MASWALI

1. Moto unataka vitu gani vitatu?
2. Kwa nini mama alilikataa pipa la kwanza?
3. Kwa nini wavu wa kuku haufai?
4. Familia ya watu wanne inafaa kununua jiko gani? Eleza sababu.
5. Kwa nini jiko la mkaa lisiwekwe chumbani usiku?

KAZI YA KIKUNDI

Tembeleeni fundi mmoja wa majiko kijijini au gulioni. Msalimuni, mwulizeni mapipa yake yalitoka wapi. Someni maandishi na alama zilizo juu yake. Kisha kila mmoja aandike hesabu ya mkaa wa nyumbani kwake kwa mwezi mmoja. Wasomeeni pia jirani ambao bado hawajui kusoma. Nao wanakula nyama.