Kesi Itasikizwa Nchi Gani?
Mwongozo kwa wakulima na vyama vya ushirika vya Mau Narok

Ukiletewa mkataba wa kuuzia mnunuzi wa ng'ambo minji au pareto, au wa kununua kombaini ya ngano kwa mkopo wa kampuni ya nje, macho hukimbilia bei na tarehe ya malipo. Tunakuomba ufike pia ukurasa wa mwisho. Huko ndiko huandikwa mahakama za nchi gani zitasikiliza kesi mkikosana, na sentensi hiyo moja inaweza kukugharimu mavuno yote.

Kwanza, jua unayetia sahihi naye. Mara nyingi ni kampuni iliyosajiliwa Nairobi, hata kama mazao yanaishia Ulaya. Huyo unaweza kumshtaki hapa nchini. Shida huanza pale jina lililo kwenye mkataba ni la kampuni ya nje.

Ukishatia sahihi

Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kesi ya Raytheon Aircraft Credit Corporation ya Marekani na Air Al-Faraj, kampuni ya Kenya. Mkataba wao ulihusu ndege, na ulisema mizozo iende katika mahakama za jimbo la Kansas. Kampuni ya Kenya ilishtaki hapa nchini. Majaji walisema mapatano hayo yaheshimiwe, na anayetaka kuyakwepa ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha sababu nzito. Mkopo wa kombaini hupimwa kwa kanuni iyo hiyo.

Mlango haujafungwa kabisa. Kwa mujibu wa uamuzi wa 1985 kati ya United India Insurance na East African Underwriters, mahakama zetu zina hiari ya kusikiliza kesi ijapokuwa mkataba umetaja nchi nyingine. Hutazama mashahidi na ushahidi viko wapi, sheria ya nchi gani inatumika, na kama mlalamishi atanyimwa haki huko, kwa mfano kwa sababu muda wa kushtaki umekwisha. Lakini kusema tu kwamba nauli ni ghali hakutoshi. Umbali ulikuwepo siku ya kutia sahihi.

Kwa hiyo jadili kifungu hiki mapema, kama unavyojadili bei. Unaweza kupendekeza: "Mzozo wowote utokanao na mkataba huu utasikizwa na mahakama za Kenya pekee, kwa sheria ya Kenya." Neno "pekee" lina uzito. Likikosekana, mwenzako anaweza kudai kwamba ana ruhusa ya kushtaki kwingine pia.

Hukumu italipwa wapi?

Kushinda Nakuru hakusaidii sana ikiwa mali yote ya mnunuzi iko Uholanzi, kwa maana utalazimika kuomba mahakama za huko ziitambue hukumu yako. Uliza mali yake iko wapi kabla hujachagua mahakama.

Upande wa pili, usipuuze samansi ya kutoka nje. Chini ya sheria ya Kenya ya 1984, hukumu za Uingereza, Uganda, Tanzania, Rwanda, Malawi, Zambia, Seychelles na Australia zinaweza kusajiliwa katika Mahakama Kuu na kutekelezwa bila kesi kuanza upya. Shamba au trekta yako inaweza kuguswa. Hukumu ya nchi isiyo katika orodha hiyo huhitaji kesi mpya hapa, ila nayo inaweza kukufikia.

Mikataba mingine hutaja msuluhishi badala ya mahakama. Kenya ilijiunga mwaka 1989 na Mkataba wa New York wa 1958, hivyo uamuzi wa msuluhishi hutekelezeka katika nchi nyingi kuliko hukumu ya mahakama. Ila ada ni kubwa. Kwa mzigo wa laki chache, usuluhishi wa London utameza thamani ya mazao. Omba ufanyike Nairobi. Afadhali zaidi, dai sehemu ya pesa kabla lori halijapakiwa. Kwa chama kidogo, hiyo ni kinga bora kuliko kifungu chochote.

Ukishtakiwa hapa ilhali mkataba unataja mahakama ya nje au msuluhishi, na wewe unataka ufuatwe, pinga mara moja, wakati uleule unapoitikia samansi kortini na kabla ya kuwasilisha utetezi. Ukichelewa, utahesabiwa umekubali. Mpelekee wakili mkataba mzima, pamoja na ankara, barua pepe na masharti yaliyochapishwa nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo.