Chagua Field ya Mbali: Jinsi Nilivyovuka Nchi kwa Likizo Moja ya Chuo

Wengi mmeniuliza nilikopotelea tangu tumalize mitihani ya muhula wa pili. Jibu fupi ni Kigoma. Jibu refu ndilo hili, nimelipanga hatua kwa hatua ili mdogo wangu wa mwaka wa kwanza au wa pili aweze kulifuata likizo ijayo.

Kati ya mwanzo wa Agosti na katikati ya Oktoba 2024 nimepanda treni ya umeme hadi Dodoma, nimeona michoro ya miambani Kondoa, nimelala kwenye treni ya zamani hadi Tabora na baadaye Kigoma, nimefanya field, yaani mafunzo kwa vitendo, mwaloni, nimefika Ujiji, na nimekwenda Gombe. Fedha iliyonipeleka kote huko ni ya field, pamoja na akiba niliyoibana kwenye bumu, yaani fedha ya mkopo wa chuo, tangu muhula wa kwanza.

Ninalotaka ulishike ni hili: ukiwa mwanafunzi, field ndiyo safari nafuu kuliko zote. Kwenda utakwenda tu, kwa sababu bila field hupati alama. Kinachobaki mikononi mwako ni mahali. Wengi tunaomba Dar es Salaam kwa sababu kwa shangazi kuna kitanda, na wapo ambao hali ya nyumbani haiwaachii njia nyingine. Lakini kama una nafasi ya kuchagua, chagua mbali.

1. Andika barua mapema, na ueleze kwa nini huko

Nasoma sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi hapa Mlimani. Kwa kozi kama yangu, Ziwa Tanganyika ni darasa lisilo na mfano. Kina chake kinafika takriban mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake inayolizidi. Ajabu zaidi ni kwamba chini ya takriban mita 200 maji yake hayana oksijeni, kwa hiyo samaki wote wanaolisha nchi nne wanaishi kwenye tabaka jembamba la juu. Hayo nilikuwa nayasoma kwenye slaidi. Nilitaka kuyaona.

Barua ya maombi iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa mkuu wa idara unayoitaka, na iambatane na barua ya utambulisho kutoka chuoni. Usiandike "naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo" ukaishia hapo. Taja kitu unachotaka kujifunza ambacho hakipatikani kwingine. Mimi nilitaja uvuvi wa dagaa kwa taa na ukaushaji wake. Kisha piga simu, kwa adabu, baada ya wiki mbili. Barua zinazofuatiliwa ndizo zinazojibiwa, na ukiwa na barua ya kukubaliwa mkononi mapema, unapata muda wa kupanga njia.

2. Igawe safari vipande

Basi la moja kwa moja lingenifikisha Kigoma nimechoka na sijaona kitu. Nikaigawa safari: Dar hadi Dodoma, Dodoma hadi Tabora, Tabora hadi Kigoma, na kila kituo nikatafuta mwenyeji kabla sijaondoka. Kila Mtanzania ana ndugu, jirani wa zamani au mtu aliyesoma naye sekondari njiani. Wapigie. Nenda na zawadi ndogo, amka mapema, osha vyombo, na usikae hadi ukachokwa.

Treni ya umeme, yaani SGR, ilikuwa imeanza kufika Dodoma tangu Julai 25, 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, na safari inayomaliza siku kwa basi inakwisha kwa saa chache. Kata tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla, beba kitambulisho, na fika stesheni mapema kwa sababu mizigo inakaguliwa na treni haimsubiri mtu.

Dodoma nilifikia kwa mama mdogo, Nkuhungu. Mji ulikuwa umejaa watu wa maonyesho ya Nane Nane kule Nzuguni, vyumba vya wageni vikipatikana kwa shida. Hapo ndipo unapojua thamani ya mwenyeji.

Kutoka Dodoma nilipanda basi la barabara ya Babati na kushuka Kolo, wilaya ya Kondoa. Ukifika, anzia ofisi ya Mambo ya Kale, lipa kiingilio cha raia, na upewe mwongozaji. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mtafiti Mary Leakey alinakili mingi miaka ya 1950. Vaa viatu vya kufunga, maana njia ni ya kupanda mlima. Juu, chini ya mwamba uliojiinamia, utaona watu wembamba warefu wa rangi nyekundu iliyokolea, wengine na nywele kama kofia kubwa, pamoja na wanyama wa porini. Michoro ya rangi nyeupe ni ya karibuni zaidi na imechorwa kwa mistari minene. Mwongozaji wetu alituomba tusiguse ukuta hata kwa kidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yanaharibu rangi. Pia alituonyesha mahali ambapo wenyeji bado wanakuja kufanya matambiko. Nilisoma historia kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini siku ile Kolo ndipo nilipoelewa kwamba nchi hii imekaliwa na watu wenye fikra nzito kwa maelfu ya miaka.

3. Panda treni ya zamani angalau mara moja

Niliporudi Dodoma kutoka Kolo, kwenda magharibi nilichukua treni ya reli ya kati ile ya kawaida. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Haisafiri kila siku, kwa hiyo uliza ratiba stesheni kwanza, ndipo upange mambo mengine. Daraja la pili kulala linatosha sana kwa mwanafunzi: unapata kitanda, na unapata wenzako wa chumba wa kuzungumza nao. Daraja la tatu ni nafuu zaidi, lakini jiandae kukaa usiku kucha.

Beba shuka, tochi, maji ya kutosha, na chenji ndogondogo. Chenji ni muhimu kwa sababu chakula cha treni hii kinapatikana dirishani. Saranda wanakuja na kuku na ndizi, Tabora kuna asali, karanga na mihogo, na ukifika Uvinza utaona chumvi inayotoka palepale. Kabla ya Uvinza treni inavuka bonde la Malagarasi, eneo la kwanza la ardhioevu la Tanzania kuwekwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Kama utalipita mchana, kaa upande wa dirisha.

Tabora nilishuka na kusubiri treni nyingine. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa mpelelezi David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi wa safari yake ya mwisho. Hata hivyo, usitoke Tabora hujauliza habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani hadi kufa mwaka 1893. Wazee wa Tabora wanamzungumza kama mtu wa juzi.

4. Malazi na fedha

Wenye nyumba wengi mjini wanataka kodi ya miezi mitatu au sita, na wewe unakaa miezi miwili tu. Usihangaike na dalali. Mwulize msimamizi wako wa field kabla hujafika, kwa kuwa ofisini daima yupo mtu mwenye chumba cha uani. Kanisani na msikitini pia wanasaidia. Mimi na mwanafunzi wa chuo kingine tulichangia chumba kimoja karibu na mwalo wa Kibirizi, tukaazima godoro, tukanunua jiko la mkaa na sufuria mbili.

Fedha niliigawa mafungu matatu siku ileile ilipoingia: nauli ya kurudi, kodi, na chakula. Nauli ya kurudi niliihifadhi kwenye laini nyingine ya simu ambayo sikuigusa. Kula kama wenyeji: ugali wa muhogo, dagaa, mgebuka wa kuchoma, mboga za mawese. Ni chakula kizuri na hakikuumizi mfuko.

5. Kazi kwanza

Nilifika Kigoma ziwa likiwa limefungwa. Nchi zinazolizunguka, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani, watu wakishona nyavu na kuziba nyufa za mbao. Kwa mwanafunzi wa uvuvi ilikuwa bahati kubwa, maana niliuona mwalo ukiwa kimya na nikauona ukiamka.

Agosti 15 ilipopita nilitegemea kuona dagaa siku ya pili tu. Mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi ndiye aliyenielewesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuhesabu samaki?"

"Ndiyo mama."

"Tazama juu usiku huu. Mwezi unakaribia kujaa. Dagaa wanafuata taa pale kwenye giza. Mwezi ukiangaza ziwa zima, taa ya mvuvi itamwita nani? Subiri giza."

Basi tukasubiri giza. Lilipoingia, jioni mitumbwi ilitoka imefungwa miwili miwili kwa miti, wavu ukiwa katikati, na usiku ungeona taa zimetapakaa hadi upeo wa macho. Alfajiri wanarudi. Kazi yangu ilikuwa kusimama na afisa uvuvi, kuandika ni mitumbwi mingapi imeshusha, kupima uzito wa ndoo, kisha kuchukua sampuli na kuipanga kwenye ubao wenye vipimo. Dagaa wa Tanganyika ni wa aina mbili, na ukiwashika wabichi huwezi kuwatofautisha haraka. Unamlaza mmoja mmoja, unasoma urefu, unaandika, vidole vikiwa na magamba yanayong'aa hadi saa ya chai.

Baada ya kupima nilikuwa nakwenda kwa wanaoanika. Wengine wanatandaza mchangani, wengine juu ya chanja za waya. Wa kwenye chanja wanakauka haraka zaidi, hawana mchanga, na mvua ikitishia wanafunikwa kwa turubai palepale. Bei yao sokoni ni nzuri zaidi. Akina mama wale wanajua hesabu hiyo vizuri. Kinachowazuia wengi ni mtaji wa waya na mbao. Hilo ndilo nitakaloliandikia mradi wangu wa utafiti, na nisingelipata maktaba.

Andika logibuku kila siku, jioni ileile. Msaidie msimamizi wako hata kazi ambayo hukutumwa. Na jifunze salamu za wenyeji. Nilikuwa nikipita asubuhi na kusema "Mwakeye", na watu wakinikaribisha hata kabla hawajajua mimi ni nani.

6. Mapumziko yatumie vizuri

Ujiji unafika kwa daladala. Kuna makumbusho na mnara mahali ambapo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ukimaliza hapo, tembea mitaani na ufuatilie habari za njia ya misafara kutoka Bagamoyo, ambayo kwayo pembe za ndovu na watu waliouzwa utumwani walipelekwa pwani. Njia hiyo ina uzito kuliko mkutano wa Wazungu wawili, na inastahili saa zako nyingi zaidi.

Hifadhi ya sokwe ya Gombe inahitaji mipango. Wasiliana na ofisi ya TANAPA kwanza kuhusu malazi na kiingilio cha raia, kinacholipwa kwa shilingi na ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Boti za abiria zinaondoka Kibirizi kuelekea vijiji vya kaskazini na zinapita Gombe, ila ratiba yao inakulazimu kulala huko. Vaa jaketi la kuokolea maisha tangu unapokanyaga boti, kwa kuwa upepo wa ziwa unabadilika ghafla. Ukiwa na mafua, ahirisha, maana magonjwa yetu yanawaua sokwe. Mtafiti Jane Goodall alifika hapo Julai 1960 akiwa na miaka 26, na mwaka huohuo akamwona sokwe akichokoa mchwa kwenye kichuguu kwa jani. Wataalamu walikuwa wanaamini kwamba ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Kwa mwanafunzi wa sayansi, kusimama kwenye msitu huo ni kukumbushwa kwamba ugunduzi mkubwa unaweza kutokana na kukaa mahali pamoja na kutazama kwa subira.

Uanzie wapi

Sasa niko mwaka wa tatu, nimerudi na data yangu, marafiki Dodoma, Tabora na Kigoma, na swali la utafiti ambalo najua ni la nani. Wewe uliye mwaka wa kwanza au wa pili, usisubiri Juni. Chukua ramani, tafuta mahali ambapo somo lako lina uhai kuliko popote nchini: madini, pamba, misitu, mahakama za mwanzo, hospitali za wilaya, chochote unachosoma. Mwezi wa kwanza andika barua tatu, na ya kwanza iende mbali kuliko zote. Anza kuweka akiba ya nauli na bumu la kwanza. Wakikujibu, mpigie mtu mmoja unayemjua njiani umwambie unakuja.